Jibu Alilonyimwa Mvuvi wa Ng'ambo

Asubuhi hiyo mwalo wa Kibirizi, ufuko wa ziwa ambapo wavuvi hushusha samaki, ulikuwa umefurika watu. Mitumbwi ya taa ilikuwa imerudi na dagaa tele, na wanawake walikuwa wameingia majini hadi magotini, vitenge vimekunjwa, kila mmoja akinyoosha beseni lake na kumwita mvuvi wake kwa jina. Marsiana hakuwa na mvuvi wake. Alikuwa mjane wa mtaa wa Rusimbi, mwembamba, mwenye blauzi nyeupe iliyopigwa pasi kana kwamba anakwenda kanisani, na desturi yake ilikuwa kungoja pembeni mpaka wenzake watosheke.

"Mwakeye, mama," sauti ikamwamkia kwa Kiha kibovu.

Aliinua macho. Juu ya mtumbwi alisimama Mkongo mrefu, fulana imepasuka begani, uso una masizi ya karabai.

"Kiha hicho umekiokota wapi?"

"Hapa hapa ziwani. Kimeingia kwenye wavu wetu."

"Basi kirudishe majini. Kimeshaoza."

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Yule mvuvi naye akacheka, akachota dagaa na kummiminia mpaka beseni likamlemea. "Mimi ni Heritier. Ukikula, kumbuka aliyekupa ni mtu wa Baraka, kule Kongo."

Njiani Marsiana alijikuta anatabasamu peke yake, akaona haya. Tangu amzike Oswald, mumewe, kicheko kilikuwa kimehama nyumbani kwake. Jioni aliwasha redio, si kwa ajili ya habari, bali chumba kiwe na sauti ya mtu.

Hiyo ilikuwa miaka ile ambayo meli zilianza kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao kutoka Kigoma. Heritier alikuwa amevuka ziwa akiwa kijana, akikimbia vita. Alikaa kambini miaka mingi, mwishowe akashika kazi ya kuvua. Mama yake alikwisha kurudi Baraka, na jina la Heritier nalo lilikuwa limeandikwa kwenye safari hizo, ila kila meli ilipoondoka yeye alibaki.

Kipindi cha giza, usiku usipokuwa na mwezi, wavuvi wa taa hukesha majini, kwa hiyo wawili hawa walipendana kwa simu. Jua likielekea kuchwea, simu ya Marsiana ililia mara moja ikakatika. Marsiana ndiye aliyempigia.

"Mwanamume mzima unanibipu?"

"Sheri, vocha yangu imeliwa na samaki." Sheri ndilo neno la Wakongo la kumwita mpenzi.

"Samaki wako wana njaa sana."

"Wana njaa ya sauti yako. Leo umevaa nini?"

"Gunia."

"La dagaa ama la muhogo? Nataka nikiwa kule gizani nikuone vizuri."

Simu ikikatika, Marsiana alibaki ameishika mkononi kwa muda, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.

Mbalamwezi ikijaa, dagaa hawaijali taa, na wavuvi hukaa nchi kavu. Siku hizo Heritier alikuja Rusimbi na samaki mnono aina ya mgebuka, amevaa shati la mikono mirefu na viatu vya kuazima vilivyombana. Walikula uani, mbele ya macho ya majirani. Kulala hakumruhusu kamwe.

Alikuwa na sababu. Kila mwezi Marsiana alipanda gari la Kasulu na gunia la dagaa, akiaga kwamba anafuata maharage. Maharage alinunua kweli. Lakini kwanza alipita hospitali ya huko, ambako hakuna aliyemjua, kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Oswald alikuwa amemwachia redio, kitanda na ugonjwa huo. Vidonge alivimeza asubuhi na jioni akiwa ameelekea ukutani, ingawa chumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Ndipo, mbalamwezi moja, nesi Regina akasimamisha hema pale mwaloni. Wavuvi hawakuwa wakifika zahanati. Asubuhi ikifunguliwa wao wamelala, jioni wakiamka imefungwa. Sasa vipimo, kondomu, tiba ya magonjwa ya zinaa na dawa za virusi viliwafuata mchangani, saa ambazo wao wapo macho na hawana kazi. Vijana walisukumana wakitaniana nani aanze. Marsiana alipita mbali, ameinamisha kichwa. Dawa zake zilikuwa jirani na pale alipoanika dagaa, lakini macho ya Kibirizi yote yalikuwa hapo hapo.

Kesho yake Heritier aliingia uani anacheka.

"Sheri, nimepima. Sista Regina anasema niko mzima."

Marsiana alikuwa akisonga ugali wa muhogo. Akaendelea kusonga.

"Mbona huchangamki? Nimefanya kwa ajili yetu. Nataka kukuoa."

"Siwezi kuolewa na wewe."

"Unanitania."

"Sikutanii."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna."

Kicheko kikamtoka Heritier usoni polepole. "Basi ni ukimbizi wangu. Kucheka na Mkongo mnaweza. Kuolewa naye, hapana."

Marsiana alitaka kumwambia. Lakini lile neno "mzima", alilolileta mwenzake kwa furaha kama zawadi, lilikuwa limesimama kati yao, naye hakuona pa kupita. Akanyamaza. Heritier akauchukua ukimya ule kuwa jibu, akaondoka bila kuaga.

Siku zilizofuata hakuna aliyebisha mlangoni. Marsiana alikula ndani ya sufuria, maana kupakua kulitaka mtu wa kupakuliwa. Kisha Diana, mwanika dagaa mwenzake, akamsogelea mchangani.

"Shoga, mtu wako anapanda meli kesho. Safari hii hatanii. Anasema Waha mnapenda samaki wa Mkongo, ila Mkongo mwenyewe ananuka."

Neno hilo lilimkata. Kumkosa angeweza kuvumilia, alikwisha kuzoea kukosa. Asichoweza kuvumilia ni mtu yule avuke ziwa akiamini kwamba alimdharau. Akanunua vocha.

"Nani?" Heritier aliitika, ingawa jina alikuwa analiona.

"Usikate. Nina neno moja."

"Sema, mama." Haikuwa sheri tena.

"Sikukukataa kwa ukimbizi. Nina virusi vya Ukimwi. Nilivipata kwa marehemu. Safari zangu za Kasulu ni za dawa. Ulikuja unafurahia uzima wako, nikaogopa nikikubali nitakuharibu, na nikikwambia utanikimbia. Ukiondoka, ondoka na ukweli."

Upande wa pili zilisikika kelele za watu wakifunga mizigo.

"Marsiana..." akasema Heritier, na simu ikakatika. Marsiana hakujua kama ni vocha iliyokwisha au ni Heritier aliyekata. Aliiweka simu juu ya mto, akaisubiri. Haikulia.

Asubuhi gari la Kasulu lilimwacha. Vidonge vilikuwa vimebaki vichache, lakini hakuitaka tena safari ile. Mtu aliyekuwa akimficha kuliko wote alikwisha kujua. Kwa hao wengine hakuona tena sababu ya kuchosha mwili. Alasiri akashuka Kibirizi, akapita katikati ya waanika dagaa mpaka kwenye hema, akaketi mwisho wa benchi. Minong'ono ikamfuata, kisha ikachoka. Meli ilikuwa imeshatoka bandarini, imeelekea Kongo. Aliitazama mpaka ikawa ndogo kama kiganja.

"Nani wa mwisho hapa?"

Aliijua sauti kabla hajageuka. Heritier alikuwa na begi begani na macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

"Mimi," Marsiana akajibu kwa shida.

"Basi niko nyuma yako." Akaketi.

"Heritier, foleni hii ni ya dawa. Wote wanaotutazama wanajua."

"Wacha wajue. Nimemwuliza sista Regina kama mtu kama mimi anaweza kuishi na mtu kama wewe. Anasema anaweza. Wewe usiache dawa, tutumie kondomu, mimi nirudi kupima kila miezi mitatu. Akasema tuje wawili."

"Na mama yako?"

"Nimempigia. Amenuna." Akalishusha begi mchangani. "Mimi pia naogopa. Sitakudanganya."

"Ungepanda meli nisingekulaumu."

"Nilipanda. Nikashuka. Godoro langu ndilo limekwenda Baraka peke yake."

Marsiana alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Alikuwa bado anayafuta kwa pindo la kitenge nesi Regina alipofunua turubai na kumwita anayefuata. Marsiana akainuka. Heritier naye akainuka, ingawa zamu yake ilikuwa haijafika.