Mgeni wa Mmisionari Prosper

Asubuhi ile chai ilinuka tope. Si tope la shambani. Tope la chini ya ziwa, lisilofikiwa na jua. Prosper aliitema kwenye beseni, akamwambia mkewe Winfrida kwamba uchafu wa watu wa kijiji cha Kisiba umeanza kuwaambukiza.

Mmisionari huyu alitoka Dodoma, na kwa maoni yake Mungu hakuwa amefika Rungwe mpaka yeye aliposhusha mabegi. Vikongwe wa pale walikuwa wamebatizwa wakiwa wachanga, nao wamebatizisha vitukuu. Yeye aliwarekodi kwa simu wakitoka migombani wamelowa mvua, akawatumia wafadhili: "Hawa bado wako gizani." Siku zake zilikwenda hivyo. Aliombea wagonjwa akiwa ameziba pua, akala ndizi za watu huku akizicheka, na jioni akasimama ukingoni mwa ziwa na kipaza sauti. Juzi alikuwa amelitukana ziwa lenyewe.

"Mnaogopa jini la kwenye maji? Basi na lije kwangu! Mlango uko wazi!"

Watu walitazama chini. Hata kumwonya waliona ni kupoteza mate.

Sasa nyayo za maji zilionekana sebuleni, zikielekea chumbani bila kurudi. Darini kitu kilijiburuta.

"Prosper, kuna mtu," Winfrida alinong'ona.

"Panya. Hata panya wa hapa ni washamba."

Adhuhuri, ukungu ukiwa umeshuka na kufunika migomba hata dirisha likawa jeupe kama sanda, alimkuta mkewe ameketi kwenye kiti chake yeye, nywele zikichuruzika maji ingawa hakuwa ametoka nje, mikono imetulia magotini kama mgeni anayengoja chakula, na kinywa kikafunguka bila midomo kucheza, ikatoka sauti nene, nzito, yenye upole wa kutisha: "Uliniita. Nimekuja."

Prosper alikemea mpaka koo likamkauka. Jini lilimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" likauliza.

Jirani yao, Bibi Tupokigwe, mzee wa kanisa, ndiye aliyempigia simu Shekhe Mansuri, muuza vitambaa wa Tukuyu. Prosper alisimama mlangoni akasonya.

"Shekhe nyumbani mwangu?"

"Basi nirudi dukani?" Mansuri aliuliza taratibu.

Ndani, Winfrida aliguna kama anayenyongwa. Prosper akapisha.

Mansuri alisoma, akasoma, maji yakatiririka ukutani, harufu ya tope ikawapanda puani hata Tupokigwe akajiziba kwa kitenge, na Winfrida akawa anapinda mgongo huku kucha zake zikikwaruza mbao za kiti. Hatimaye shekhe alifumbua macho.

"Hili halikuvamia," alinong'ona. "Lilikaribishwa. Mwenye nyumba aliombe radhi, litaondoka."

"Mimi? Niombe radhi uchafu wa ziwani?"

"Neno moja tu, mchungaji. Mkeo anakufa."

"Afadhali liniingie mimi kuliko nijishushe mbele ya hawa!"

Mansuri alifumba macho. "Umelialika tena," akasema.

Winfrida alianguka, akatapika maji, akamwita mama yake. Alikuwa mzima. Prosper alisimama wima, akitabasamu. Alimshika shekhe kwa mikono miwili, kisha akamgeukia Tupokigwe.

"Ndaga fijo," alishukuru, kwa Kinyakyusa safi ambacho hakuwahi kujifunza.

Tangu hapo mmisionari huamka mapema akawabebea wazee mikungu. Husikiliza shida za mtu mpaka mwisho. Kanisa limejaa hadi nje.

Winfrida alimfuata Tupokigwe jikoni. "Bibi, yule si mume wangu. Mwite shekhe tena."

Tupokigwe aliendelea kumenya ndizi. "Tunajua, mwanangu. Ila huyu ana adabu. Yule wako tumrudishe wa nini?"

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, Prosper alikuwa akicheka na waumini huku machozi yakimtoka. Tupokigwe alipompa mkono alimtazama macho kwa karibu: yalikuwa yakihangaika huku na huku, kama ya mtu anayezama.

"Mwenyewe bado yumo," alijisemea.

Akajifuta kiganja kwenye kitenge, akampisha aliyekuwa nyuma yake.