Mwenye Shingo Hakuulizwa

Ndugu zangu, sogeeni mkasirike pamoja nami, maana hasira yangu peke yangu haitoshi.

Asubuhi hiyo msusi alikuwa barazani kwake, mteja ameketi chini mbele ya magoti yake, vidole vinakwenda vyenyewe kwenye nywele. Redio ilikuwa inaimba, naye anaifuatisha. Kidonge chake cha tezi ya shingo alikwisha kukimeza kama kawaida. Kabla ya vidonge hivyo moyo ulimwenda mbio hata akiwa amelala, mwili ulikonda, na mikono ilitetemeka asiweze kushika chanuo. Daktari wake, mama mmoja mpole, alimweleza njia zote: vidonge vya muda mrefu huku akipimwa damu, upasuaji, au dawa ya mionzi. Msusi aliuliza maswali yake mpaka yakaisha, akachagua vidonge. Vikamkaa vizuri.

Basi mumewe akaja na lake. Ni fundi magari, mtaa mzima unamwita Fundi Spana, na kwake yeye kila chenye uhai ni injini.

"Vidonge mpaka lini, mama watoto?" aliuliza huku akijifuta grisi. "Kifaa kibovu kinatolewa, yanaisha."

"Vipimo vyangu vizuri, baba watoto, na kazi nafanya. Tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuwa mdomo wa dada yake, aliyetangaza kila mahali kwamba kaka yake kaoa duka la dawa. Fundi akamtafuta daktari mwingine, akampeleka mkewe. Wanaume wale wawili wakaizungumza shingo ya mwanamke aliyekaa katikati yao kama watu wanaopatana bei ya bodi la gari. "Tutaitoa hiyo tezi," daktari alimwambia mume. Mume akasema sawa. Msusi akasema hapana. Daktari akacheka: "Mama, haya mwachie mzee." Jamani! Kwani mzee ndiye anayekatwa?

Msusi akashikilia hapana yake, akarudi kwenye chanuo. Ndipo Fundi Spana akafanya unyama wake. Yeye ndiye aliyekuwa akimchukulia mkewe dawa, kwa kuwa gereji yake iko jirani na hospitali. Mwezi huo akarudi mikono mitupu.

"Dawa zimekwisha, hawajui zitakuja lini. Unaona sasa? Kubali upasuaji tupumue."

Akamwamini. Mume wako wa ndoa, wewe ungemshuku? Wiki zikapita, mikono ikaanza tena kutetemeka. Akamsuka bibi harusi mistari iliyopinda, mama wa bibi harusi akaifumua mbele ya watu. Wifi akasema ni uzembe. Kisha mchana mmoja msusi akaanguka pale pale barazani, mwili unachemka kwa homa, moyo unampiga hata kusema hawezi.

Hospitali walimpigania, akapona kwa tabu. Alipopata nguvu za kuzungumza, yule daktari wake wa kwanza alikuwa kando ya kitanda.

"Kwa nini uliacha dawa, mwanangu?"

"Si mliishiwa?"

"Nani kakwambia? Dawa hazijakosekana hapa hata siku moja."

Msusi akamgeukia mumewe aliyesimama mlangoni. Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Gereji kwako kuna kibao," alimwambia kwa sauti ndogo. "Umekiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: Hatufungui injini bila ruhusa ya mwenye gari. Mimi nilikuwa gari la nani?"

Fundi akajifuta jasho. Mtu mzima hovyo!

Daktari akamuuliza msusi anataka matibabu gani. Fundi akafungua mdomo kwa mazoea. "Sijakuuliza wewe, baba," daktari akamkatiza.

"Vidonge," msusi alisema. "Na nitavichukua mwenyewe."

Sasa anasuka tena, ingawa polepole. Kila asubuhi mumewe humletea maji ya kumezea. Maji anayapokea. Vidonge hamgusishi.

FUNZO

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa aelezwe faida na hatari za kila njia, kisha aachiwe achague, hata kama chaguo lake ni dawa ya miaka mingi. Mshauri ukipenda, msindikize kwenye vipimo. Lakini ukimfichia dawa ili akubali unalotaka wewe, usijiite mume wala ndugu. Umemdhuru mtu aliyekuamini.