Sindano ya Mbuzi wa Ntheo

Mwaka ule mvua ilidanganya Kathonzweni nzima. Asubuhi moja Ndila aliwafungulia mbuzi wake watatu, akawatazama. Mbavu zilihesabika. Alikata tamaa palepale.

Mbuzi hao walikuwa wa ntheo, wa kupelekwa kwa wazazi wa bibi arusi na kuchinjwa huko. Mwanawe, Kyule, alitaka kumwoa Nthenya wa Mbooni. Kwa Wakamba, bila mbuzi wa ntheo mke si mke, na mtoto huhesabiwa wa ukoo wa mama yake. Nthenya alikuwa na mimba ya miezi sita.

Sokoni, Ndila alikutana na muuzaji mwenye maneno matamu.

"Mama, sindano tatu tu. Hutawatambua mbuzi wako!"

Chupa haikuwa na jina wala tarehe. Ndila akainunua, akawadunga mwenyewe. Baada ya wiki tatu mbuzi walinona ajabu, naye akatembea kifua mbele, utadhani amenona yeye.

Siku mbili kabla ya ntheo, jirani yake Kanyiva, afisa wa mifugo, alipita. Alimpapasa mbuzi mmoja shingoni, akapata uvimbe.

"Mama Kyule, hawa umewadunga nini?"

Ndila akaleta chupa.

"Hii ni ya kunenepesha. Sheria imekataza," Kanyiva alisema. "Dawa hubaki kwa nyama. Anayekula nyama anakula dawa. Inaweza kumdhuru, hasa mtoto na mama mjamzito."

"Si ningoje siku kadhaa iishe?"

"Dawa halali imeandikwa siku za kungoja. Hii hata hatujui ni nini. Hawa hawaliwi, na hawauzwi."

"Kanyiva, umeniua! Ntheo ni Jumamosi!"

"Pole, mama. Lakini enda uwaambie ukweli. Mficha uchi hazai."

Mbuzi wote watatu walizikwa. Ndila alilia mpaka sauti ikakauka.

Jumamosi alipanda Mbooni mikono mitupu, akamweleza Kalekye, mama yake Nthenya, kila kitu. Kalekye alimgeukia binti yake.

"Na nyama hiyo angekula huyu msichana wangu," alisema. "Rudi nyumbani, Mama Kyule. Ukipata mbuzi, utakuja."

Mtoto alizaliwa Mbooni, akahesabiwa wa huko. Kanisani watu walimpongeza Ndila kwa kupata mjukuu. Alitoka nje kabla ya mahubiri. Mjukuu gani, na hata kumbeba hajambeba?

Alivuna ndengu, akauza zote, akanunua mbuzi wadogo watatu. Kanyiva alimfundisha kukausha nyasi wakati wa mvua na kuweka akiba ya matunda ya migunga. Dawa ya minyoo alichagua Kanyiva. Ndila aliandika tarehe, akangoja siku zote zilizotakiwa. Mbuzi walikua polepole, polepole ya kuchosha roho. Mwaka ukaisha, mwingine ukaanza.

Hatimaye mbuzi walifika Mbooni. Hawakuwa wanene, lakini walikuwa wazima. Mmoja akachinjwa. Kalekye alionja wa kwanza. Kisha akamwinua mtoto, ambaye sasa alikuwa akitembea, akamkalisha magotini pa Ndila.

"Mpe nyama," alisema. "Wewe ndiwe nyanya yake."