Vidagaa wa Bwawa la Mikuyu

Asubuhi, kabla ya kukoroga uji, Klementina alikunja chandarua chake. Kilikuwa kimeundwa kwa vyandarua viwili vya kliniki, vilivyoshonwa pamoja kwa uzi wa gunia. Hakikufunika kitanda tena. Mwanawe Stumai, wa miaka minne, alilala na mbu, na mama yake alilala macho akiwafukuza kwa kanga.

Klementina alibeba chandarua kichwani akamfuata mama mkwe wake, Febronia. Walishuka hadi Bwawa la Mikuyu, mahali ambapo Mto Kilombero hufurika wakati wa masika. Mmoja alishika upande huu, mwingine upande ule. Wakakokota taratibu. Walipokiinua, chandarua kilijaa samaki wadogo kama punje za mpunga. Kijijini waliitwa vidagaa. Walianikwa juani, wakauzwa kwa kisado sokoni Ifakara.

"Wamepungua," alisema Klementina.

"Kokota, mwanangu. Kuhesabu hakujazi sufuria," alisema Febronia.

Zamani mume wake Klementina, Martin, alivua perege na kambale karibu na nyumbani. Kisha samaki wakubwa wakaadimika. Martin akaanza kuwafuata mbali, mwendo wa siku mbili kwa mtumbwi. Mwaka jana kiboko alipindua mtumbwi wake huko. Habari za kifo chake zilifika siku ya tatu. Klementina alikuwa anaanika vidagaa. Alimaliza kuanika, ndipo akaketi chini. Mpaka leo hajui kwa nini alimaliza kwanza.

Sasa Evod, mdogo wake Martin, alikuwa anachonga kasia jipya.

"Maji yakianza kupungua mwezi wa sita, naondoka," alimwambia Klementina.

"Kule kule, shemeji?"

"Hapa nitavua nini? Matope?"

Klementina alimtazama mama mkwe wake. Febronia alikuwa amegeuza uso ukutani.

Jumamosi moja akaja mwalimu Agnetha. Alikuwa mwanamke mnyamavu mwenye viatu vya mvua, anayefundisha mazingira shuleni na vijijini. Alimsalimu Febronia kwa goti, "Shikamoo, mama," akapewa kigoda.

"Nimetumwa na shirika la hisani la pwani," alisema. "Linahifadhi bahari."

Febronia akacheka. "Watu wa bahari wamepotea njia? Huku kwetu kuna vyura tu."

"Mama, maji ya Kilombero yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda zake."

"Yanaingia Rufiji, na Rufiji inaingia baharini. Kamba wadogo wanakulia kwenye mikoko ya mdomo wa mto. Tukiua mto huku, kule nako wanaumia. Ndiyo maana shirika limeona lianzie juu."

Agnetha akachota vidagaa kwenye kiganja chake. Aliwatazama muda mrefu.

"Hawa si vidagaa, mama. Ni watoto wa perege. Wengine wa kambale."

"Nimelea watoto saba kwa hawa," alisema Febronia kwa ukali. "Hawakui. Ndivyo Mungu alivyowaumba. Wewe umewaona leo."

"Basi tusibishane. Niazime kikombe kimoja cha hawa, wakiwa hai."

Walikata pipa la plastiki katikati, wakalijaza maji ya bwawa. Waliweka samaki thelathini. Agnetha alimwonyesha Klementina namna ya kuwapa pumba kidogo na kubadilisha maji nusu nusu.

"Nitarudi kila Jumamosi," alisema. "Usiniamini mimi. Liamini pipa."

Wiki ya kwanza walikufa saba. Febronia akasema, "Unaona?" Wiki ya tatu mapezi yalianza kuonekana. Wiki ya tano Stumai alichutama kando ya pipa akasema, "Mama, huyu ana mistari." Wiki ya saba Klementina alimtoa mmoja akamlaza kiganjani. Alikuwa na urefu wa kidole, mgongo umeinuka, mistari myeusi ubavuni. Hata mtoto angemtambua. Alikuwa perege.

Febronia alimpokea. Alimgeuza upande huu na upande ule.

"Miaka yote hii," alisema polepole. "Sisi tunawakokota wadogo huku. Martin wangu anawafuata wakubwa kule."

"Hatukujua, mama."

"Hatukujua," alisema Febronia. Alimrudisha samaki majini kwa uangalifu, kisha akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

Klementina alitaka kulia naye, lakini alimsikia Evod akipiga msasa kasia lake. Akainuka, akamwita.

"Shemeji, njoo utazame pipa."

Evod alitazama.

"Samaki wako wako hapa," alisema Klementina. "Tunawala kabla hawajawa samaki. Baki mwaka mmoja tu. Kaka yako nilimwacha aende, sikumwambia neno. Wewe nakuambia."

Mwezi ule wavuvi walikutana shuleni. Mwenyekiti wao, mzee Elineema, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mwalimu, hilo shirika litatoa posho ya kikao?"

Watu walicheka. Agnetha naye akacheka, kisha akaeleza. "Hapana, mzee. Fedha hizi ni michango ya watu wa kawaida. Wengine hawajawahi kuuona mto huu. Hazitolewi kwa mtu mmoja mmoja. Kikundi kinakaa, kinaandika muhtasari, kinaomba kitu kinachoeleweka. Zikija, matumizi yanabandikwa ukutani kila mtu asome."

"Na tukifunga bwawa, masika tutakula nini?" aliuliza Klementina. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu waligeuka kumtazama. "Mimi nina mtoto. Siwezi kumlisha kibao cha marufuku."

"Swali hilo liandikwe kwenye ombi," alisema Agnetha. "Wanaofadhili wanapaswa kulijua."

Likaandikwa. Kikundi kiliomba vifaranga na mbegu za mboga kwa akina mama, nyavu za macho makubwa kwa wavuvi, na vitabu vya somo la mto kwa watoto. Bwawa la Mikuyu lingefungwa masika yote. Shirika lilikubali karibu yote. Nyavu zilikuja pungufu, wakapokezana.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Evod hakwenda mbali. Alinung'unika, akabeba magunia ya mpunga mashineni Ifakara mpaka mabega yakachubuka. Ugonjwa wa kideri uliua nusu ya kuku. Siku mbili Klementina alikuta watu wakikokota bwawani alfajiri. Hakuwatukana. Aliwapeleka kwenye pipa.

Kliniki ilimpa chandarua kipya. Alikining'iniza juu ya kitanda cha Stumai, akakaa akikitazama.

Masika yakaja, yakaondoka. Mwezi wa sita maji yalianza kupungua, na samaki wakatoka bwawani kuingia mtoni. Jioni ya kwanza Evod alirudi na perege kumi na mmoja, mmoja mpana kama sahani. Febronia aliwaparua magamba. Alipopakua, alitenga kichwa cha yule mkubwa pembeni. Martin alipenda vichwa. Hakuna aliyekigusa.

Asubuhi iliyofuata Klementina alikuwa anakoroga uji. Ukungu ulikuwa umefunika mto, haoni hata ukingo. Alisimama na mwiko mkononi, akasikiliza, kama alivyosikiliza siku zile tatu alipomngoja Martin.

Kutoka kwenye ukungu alimsikia Evod akikohoa. Kisha akasikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi.

"Shemeji," aliita, "uji tayari."

"Nakuja," Evod akajibu.