Mkataba Niliomsomea Mama Mdogo

Nina umri wa miaka thelathini na sita. Naishi Woolwich, London, katika chumba kimoja cha kupanga. Wasomaji wenzangu, nisomeni hadi mwisho ndipo mnihukumu.

Nilikuja Uingereza kusomea biashara ya kimataifa. Nilipomaliza nikapata kazi katika kampuni ndogo ya kuwasaidia wajasiriamali wa Afrika wauze bidhaa zao Ulaya. Tuliwaelekeza kuhusu vifungashio na vyeti, tukawatafutia wanunuzi. Bosi wangu, nitamwita Gerald, ndiye aliyenidhamini viza. Bila kazi yake, sikuwa na ruhusa ya kukaa nchi hii.

Niliipenda kazi ile... Nikamletea Gerald kikundi cha nyumbani, Iringa: wanawake ishirini na watatu wanaosuka vikapu kwa nyasi za milulu. Ni wake wa ukoo mmoja pamoja na dada za waume zao, ndiyo maana wakajiita Mawifi. Mwenyekiti wao ni mama mdogo Yustina, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa darasa la tatu.

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, nikawasomea kwa simu. Kipengele kimoja kilisema jina la Mawifi litasajiliwa Uingereza kuwa mali ya kampuni. Nilisita. Gerald akanihakikishia kuwa ni utaratibu wa kawaida. Basi nikawaambia, "Hapa wanasema watatutunzia jina letu huku."

Watatutunzia... Neno hilo halikuwemo. Nililitoa kichwani mwangu ili mambo yasikwame. Wakaweka saini, wengine dole gumba.

Mwaka wa kwanza vikapu vilikwenda vizuri. Baadaye oda zikapungua, Gerald akasema soko limelala. Jumamosi moja nikiwa sokoni Walthamstow, nikaona dukani vikapu vyenye lebo ya Mawifi. Nikageuza kimoja. Haikuwa milulu, ilikuwa nyuzi za plastiki zilizoshonwa kwa mashine. Kwenye picha ya lebo, mama mdogo alikuwa anatabasamu.

Jumatatu nikamkabili Gerald. Hakukana. Alinimiminia chai, akasema kwa upole kwamba jina ni la kampuni na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyewatafsiria. Kisha akaongeza kuwa karatasi zangu za viza zinahitaji saini yake mwezi unaofuata, hivyo tusivurugane.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilinyamaza. Akasaini. Miezi minane nilipanda treni kila asubuhi kwenda kumwandikia mama mdogo kuwa soko bado gumu. Nikiacha kazi, nafukuzwa nchini. Nikibaki, nawaibia walionilea. Nilikonda hadi sketi zikawa zinanivuka.

Mama mdogo hakukaa bure. Kwenye maonyesho Dar es Salaam alipata mnunuzi wake mwenyewe wa Birmingham. Alinipigia akicheka kama msichana. Mzigo ulipofika bandarini huku Uingereza, Gerald akauzuia, kwamba wametumia jina lisilo lao. Kisha akaniagiza niwaandikie barua ya onyo kwa Kiswahili, na jina langu liwe chini.

Nikaandika... Ndiyo, niliiandika.

Siku mbili baadaye mama mdogo akapiga simu. Nilitoka kuipokea kwenye ngazi za ofisi. Nikamwamkia, akaitikia taratibu, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hapo kazini kwenu yuko mtu mwingine mwenye jina kama lako?"

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea. Ningesema yuko, angeniamini. Nikasema, "Hapana, mama. Ni mimi." Nikamweleza yote, tangu lile neno la kutunza.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungenisomea kile kipengele kama kilivyoandikwa, ningekataa mwenyewe. Kukataa najua."

Nilirudi ndani nikaandika barua ya kuacha kazi.

Mnunuzi wa Birmingham alikuwa muungwana. Lebo zilibanduliwa, vikapu vikauzwa kwa jina jingine. Mawifi wenyewe hawawezi kulitumia jina lao Uingereza mpaka leo. Mimi nimepewa muda mfupi wa kupata mwajiri mwingine wa kunidhamini, na kila bahasha inayodondoka mlangoni naifungua papo hapo nikiwa nimesimama.

Mama mdogo bado anapokea simu zangu. Tunaongea mvua, tunaongea wagonjwa. Ila barua za biashara humpelekea mwalimu wa sekondari amsomee.

Nawasihi ninyi mnaofanya kazi kama yangu, na ninyi watoto mnaowasomea wazazi karatasi za wazungu: someni kila mstari kama ulivyo, hata ule utakaoharibu dili. Na ninyi wenye biashara ndogo, sajilini jina lenu kwa mikono yenu kabla bidhaa haijavuka mpaka. Msimwachie mtu mwingine, hata akiwa mtoto mliyemlea wenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wa kulelewa, na ndimi niliyewauza.