Risasi Kwenye Mchele

Kila jioni, akishavua sare za shule, Chiriku alikaa kibarazani na ungo mapajani, akachambua mchele. Waliompa jina hilo hawakukosea, maana mdomo wake haukujua kufunga. Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa kimya, macho kayatoa pima.

Asubuhi bwana shamba alikuwa amempigia baba simu. Alikuwa ameupima mchele wao, kwa sababu upande wa juu wa shamba, maji yanakotokea, kulikuwa na karakana ya kuvunja betri kuukuu za magari.

"Mchele wenu una risasi. Msiule kabisa!" alisema, kisha simu ikakatika.

"Risasi!" Baba alicheka mpaka akapaliwa. "Kwani shambani kwangu kulipiganwa vita?"

"Chiriku, uchambue vizuri," mama alisema. "Ukiiona, itupe."

Chiriku alichambua weee! Alipata chuya na vijiwe tu.

"Mama, hamna hata risasi moja!"

Basi wakapika, wakala, na kesho yake wakala tena.

Baada ya wiki kadhaa, mdogo wake, mtundu aliyetambaa nyumba nzima, alianza kulialia. Tumbo lilimsokota, uji wa mchele akautema, akapauka. Nyumba ikapooza. Mama akamkimbiza hospitali, Chiriku nyuma yake.

"Anakula nini?" muuguzi aliuliza.

"Uji wa mchele wa shambani kwetu."

"Bwana shamba alisema una risasi," Chiriku alisema. "Lakini niliuchambua, nesi. Sikuona kitu."

Muuguzi hakucheka. "Mwanangu, si risasi ya bunduki. Ni madini yenye sumu. Yanatoka kwenye zile betri, yanaingia majini, na mpunga unayanyonya. Huwezi kuyaona wala kuyaosha yakaisha. Ukiyachemsha hayafi, kwa sababu si vijidudu."

Damu ya mtoto ilikutwa na risasi nyingi, akalazwa. Bwana shamba alikuja kuyachukua magunia yote yakafukiwe mbali na maji, na karakana ikafungwa. Siku mtoto aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Chiriku alikwenda na baba kumchukua, akauliza, "Amepona?"

"Tumbo limepona," muuguzi alijibu. "Kama risasi imemdhuru akili, tutajua akikua."

Chiriku akaangua kilio. "Ni mimi, baba! Ni mimi niliyesema mchele ni safi!"

"Hapana, mwanangu. Wewe ulifanya ulichotumwa." Baba alimpakata mtoto. "Mtu akikuonya na hukumwelewa, muulize mpaka umwelewe. Mimi nilipaswa kumpigia tena nimuulize, risasi gani? Badala yake nilicheka."