Mjusi wa Kwapani

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, msichana alisimama mbele ya kipande cha kioo kilichotundikwa jikoni, akaubana mkono wa kulia ubavuni, akajitazama. Mkono ukiwa chini, shati lake la shule lilikuwa kama mashati ya wengine. Ukiinuka tu, balaa. Kwapani kulikuwa na kiraka cha bluu iliyokoza, kwenye shati lililofuliwa mpaka bluu yake ikabaki jina. Kiraka hicho alikishona bibi yake, aliyemlea tangu uchanga na ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kutengeneza nguo zilizochanika, kwenye kibanda chake sokoni. Kilishonwa imara kwelikweli. Lakini kilionekana, jamani, hata na mtu anayesinzia.

Siku moja darasani alinyoosha mkono kujibu swali. Mvulana wa dawati la mbele, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, akageuka akasema, "Karibu, Kiraka." Darasa zima likaangua kicheko, na jina likamganda. Tangu siku hiyo mkono wake haukuinuka tena.

Ubaya ni kwamba majibu alikuwa nayo. Tena mwalimu wa hisabati alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa atachagua wanafunzi watatu wa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya hesabu, naye aliwataka wale wanaojitokeza. Msichana aliitaka nafasi hiyo mpaka akakosa usingizi. Hata hivyo, kila swali lilipoulizwa aliukalia mkono wake. Mwishowe mwalimu akamwandikia bibi barua kuuliza mjukuu wake ana tatizo gani.

Bibi alishangaa, maana nyumbani mtoto huyo alikuwa na mdomo wa watu watatu.

"Bega linauma," msichana akadanganya huku akitazama pembeni.

Uongo huo ulimtokea puani. Bibi alitoa chupa ya dawa ya kuchua, akamchua bega jioni hiyo, na ya pili, na ya tatu, mpaka darasa zima likanuka dawa. Redio akahamia dawati la dirishani. Bega halikupona, litaponaje na halikuwa linaumwa? Jumatano bibi akafunga cherehani mapema, akasema kesho kibanda hakifunguliwi, wataamkia hospitali.

Bibi hakuwahi kufunga kibanda, hata siku aliyoshikwa na homa. Msichana alimwona akikunjua nguo yake nzuri ya kutokea, akiipangusa vumbi, na moyo ukamsuta.

"Bibi, bega haliumi," akasema. "Ni kiraka. Nikinyoosha mkono wananicheka."

Bibi alijikalisha kwenye kigoda polepole. Hakugomba, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Kumbe ni kazi ya mikono yangu," alisema.

Msichana alilia kwa kwikwi, na bibi naye akajifuta macho kwa upindo wa nguo. Kisha akainuka, akaleta mfuko wa mabaki ya vitambaa na kuumwaga sakafuni. "Changu kifumue. Ushone chako. Mimi leo mtazamaji."

Msichana akatafuta bluu ya kufanana na shati. Akajaribu hii, akajaribu ile, hakuna iliyokubali. Alikuwa karibu kukata tamaa alipomwona mjusi akichomoza nyuma ya kabati, mkia umejificha, kichwa nje. Akamtazama mjusi, akalitazama shati, akacheka peke yake. Kama kiraka hakifichiki, basi na kiwe kitu.

Mjusi wa kwanza alitoka vibaya. Bibi aliuliza hiyo kandambili ni ya mguu gani. Akafumua. Wa pili alikuwa na miguu mitano. Akafumua tena. Alhamisi baada ya shule alikaa kibandani, ulimi nje, sindano ikimchoma kidole, akimpanga mjusi wake kwa vipande vya bluu tano tofauti. Mkia alianzishia ubavuni, tumbo likakaa kwapani palipokuwa na tundu, na kichwa kikaelekea kwenye mkono wa shati. Akasahau njaa, akamsahau na Redio. Alikuwa na furaha.

Ijumaa mwalimu akauliza: ukiwa na mita tatu za kitambaa, ukakata vipande vya sentimita arobaini, utapata vingapi na kitabaki nini?

Msichana akanyoosha mkono, na mjusi akatokeza mzima.

"Karibu, Ki..." Redio alianza, kisha akanyoosha shingo amwone mjusi vizuri.

Mwalimu, ambaye kwa mambo ya sare hakuwa na mchezo, alisogea akarekebisha miwani. Msichana hakuushusha mkono.

"Sheria inataka shati la rangi gani?" mwalimu akauliza.

"Bluu, mwalimu."

"Na huyu?"

"Bluu, mwalimu. Bluu tano."

Mwalimu alikohoa kuficha kicheko. "Basi sioni kosa. Jibu swali."

"Vipande saba, na kitabaki kipande cha sentimita ishirini. Hicho hatukitupi."

Jina lake likaandikwa la tatu kwenye orodha ya mashindano.

Jioni ile Redio alifika kibandani na suruali iliyotoboka goti, akaomba kwa sauti ya chini ashonewe mamba. Msichana alimwambia akae foleni. Redio alipoondoka, bibi akamgeukia mjukuu wake.

"Siku nyingine nionyeshe panapouma kweli," alisema, "nisije nikalionea bega la watu. Lakini nikwambie, miaka yote mimi nimeshona ili tundu lisionekane. Wewe umeshona ili wewe uonekane. Hilo sikukufundisha, ni lako, usilifiche tena."

Kisha akavua sweta lake lililotoboka kiwiko, akamwekea mapajani. "Haya, nami nishonee. Chochote utakacho. Ila mjusi sitaki, namwogopa."

Msichana akanyoosha mkono rafuni kuchukua uzi, na mjusi akachungulia.